Lubumbashi: Nyumba ya Bukavu yachorwa upya juu ya kitambaa cha gunia

Mwalimu wa darasa la tatu aliwaomba watoto wachore nyumba ya kwao. Msichana wa miaka tisa, ambaye familia yake ilikimbia Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025 wakati waasi wa M23 walipoingia mjini, alichora nyumba ya matofali, mlango wa chuma, na nyuma yake shemine ya Gécamines, lile bomba refu linaloonekana karibu kila pembe ya Lubumbashi. Mwalimu alimpa alama nzuri.

Baba yake aliishika ile karatasi kwa muda. Nyumba ya matofali ni ya dada yake, katika komini ya Kenya, ambamo yeye, mke wake na watoto wanne wanalala vyumba viwili. Nyumba yao wenyewe ilikuwa ya mbao, kule Kadutu, juu ya kilima. Yeye ni seremala, na aliijenga kwa mikono yake.

“Hii si kwetu,” alimwambia mtoto.

“Papa, si njo kwenye tunakala?” msichana akajibu, tayari kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Picha za kumwonyesha hakukuwa nazo. Zote zilikuwa ndani ya simu, na simu ilipotea safarini, kati ya Uvira na Kalemie, usiku ule watu walipokuwa wanasukumana kupanda mashua. Familia nyingi zilizofika huku kutoka Kivu zinasimulia mambo ya namna hiyo. Watu walibeba godoro, sufuria, vyeti vya shule. Picha ya nyumba nani angeifikiria?

Dada mtu ndiye aliyesema Jumamosi waende mjini, watoto wapumzike kidogo. Mgeni anayefika Lubumbashi akiuliza sanaa iko wapi huelekezwa kwanza kwenye Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1946. Mwingine atatumwa Halle de l'Étoile kwenye maonyesho na muziki. Mwenye bahati ya kufika wakati wa Biennale ya Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kundi la Picha pamoja na mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, ataona kazi za wasanii wa nchi nyingi. Na anayetaka kusikia mji wenyewe atafute karindula katika mitaa: banjo kubwa yenye pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne, na kelele inayowatoa watu manyumbani.

Familia ile ilienda makumbusho. Watoto walivutwa na misalaba midogo ya shaba, ile ambayo watu wa Katanga walikuwa wakiitumia kama pesa kabla ya Wazungu kufika. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta makaburini, imewekwa pamoja na marehemu. Msichana akauliza kama wafu walikuwa wanaenda kununua kitu. Shangazi yake akamwambia labda walitaka tu wasiende mikono mitupu.

Lakini baba alisimama zaidi mbele ya picha za rangi. Alikuwa hajui kwamba mji huu wa migodi una jina kubwa katika uchoraji. Mwaka huohuo wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Hangar, akawaacha vijana wachore walivyoona wenyewe, bila kuiga Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi kama mkeka. Bela Sara, aliyetoka mbali, upande wa Chad, alichora kwa ncha za vidole.

Bela hakuwa mgeni peke yake. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na kampuni ya migodi ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka, nchi inayoitwa leo Zambia. Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Ni vizuri wenyeji wakumbuke jambo hilo kila mara neno “wakuyakuya” linapotamkwa kwa dharau juu ya waliofika jana.

Halafu kuna picha nyingine, ambazo hazikuchorwa kwa ajili ya makumbusho. Miaka ya 1970, katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ukutani palikuwa na mchoro wa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au wa askari wa ukoloni akisimamia mfungwa anayechapwa fimbo. Wachoraji walitumia rangi za kawaida na kitambaa cha magunia ya unga, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuza. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 picha 101 za historia ya nchi, akimweleza mtafiti Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 haijulikani aliishia wapi. Watu waliziita picha za namna hiyo ukumbusho. Ilitosha mtu akiingia nyumbani aulize “hii ni nini?” na mwenye nyumba apate pa kuanzia kusimulia.

Leo wanunuzi wamepungua, kwa kuwa kila mtu ana picha katika simu. Labda ndiyo sababu mtu aliyepoteza simu ndiye aliyeelewa haraka.

Wiki iliyofuata seremala alienda Katuba kwa mzee mmoja anayechora mabango ya maduka na, akipata mteja, picha za ukutani. Mzee alitaka dola 25. Mke wa seremala alipopata habari hakuficha neno: “Tutakula picha? Na pesa ya masomo ya watoto je?” Alikuwa na haki. Muhula ulikuwa unaanza, na kazi ya kibarua katika karakana ya mtu haijazi mfuko.

Wakapatana kwa njia nyingine. Mzee alikuwa na vitambaa bila fremu. Seremala angemtengenezea fremu tano kwa mabaki ya mbao za karakana, na kutoa dola 5 za rangi. Mama akanyamaza. Kunyamaza kwake hakukuwa kukubali, lakini kulitosha.

Kazi ilianza kwa maswali. Mabati yalikuwa na kutu ao mapya? Ngazi za udongo zilikuwa ngapi? Ziwa lilionekana upande gani? Seremala alijua kila ubao, lakini rangi ya mlango wa jirani ilimshinda. Akaazima simu ya dada yake, akampigia kaka yake aliyebaki Bukavu. Kaka akamjibu kwamba mlango wa jirani ni wa kijani. Kisha akamwambia mengine, ambayo hakuulizwa: mti wa avoka umekatwa kuni, na ndani ya nyumba kuna watu wengine.

Mchoraji alisubiri kidogo kabla ya kuuliza. “Muzee, nichore ile iko sasa, ao ile ilikuwaka?”

“Ile ilikuwaka.”

Mzee akapendekeza pia kuongeza watu wanaokimbia na mizigo kichwani, na askari pembeni. Picha za vita zinauzika, alisema. Seremala akakataa. Vita watoto wanavikumbuka bila msaada.

Picha ilifika Kenya Jumapili jioni, na mama mwenyewe ndiye aliyetafuta msumari. Mti wa avoka ulikuwa mahali pake, na ziwa likaonekana katikati ya mabati mawili. Msichana akaitazama kwa karibu sana, pua ikikaribia kugusa rangi, hadi baba akaanza kuogopa kwamba hatambui kitu.

“Beseni iko wapi?”

“Beseni gani?”

“Ile nyekundu. Ya kukinga mvua. Mama aliiwekaka hapa, chini ya bati.”

Baba akamtazama mke wake. Mama akatikisa kichwa kukubali: beseni lilikuwepo, na lilikuwa na ufa.

Jumatatu picha ikarudi Katuba. Mzee alichora beseni bila kuongeza bei, pamoja na ufa wake. Aliomba tu fremu ya sita.