Usingizi wa Bibi Yangu

Hapa bwenini sisi hugombana na kengele ya alfajiri. Kumbe wako watu waamkao bila kengele, nao ni wazee wetu. Bibi yangu mzaa baba, mwenye umri wa miaka 71, hulala saa tatu ya usiku, na ifikapo saa tisa amekwisha amka, yuko jikoni anachochea moto. Likizo iliyopita jambo hili lilizusha mabishano makubwa nyumbani kwetu Karatu. Shangazi alitaka Bibi anunuliwe vidonge vya usingizi. Baba alisema huo ndio uzee, hauna dawa.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanipa makala za kusoma. Wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2015 ya kuwa aliyefika miaka 65 apate usingizi wa saa 7 hadi 8, karibu sawa na mtu mzima mwingine. Basi si kweli kwamba mzee hahitaji usingizi. Auhitaji, ila usingizi wake ni mwepesi, hukatika upesi. Tena huko Uingereza watumishi wa serikali wapatao 8,000 walifuatiliwa kwa miaka 25. Habari zao zilitolewa mwaka 2021: wale waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu tangu miaka 50 hadi 70 walikuwa na hatari ya kupatwa na maradhi ya kusahau kwa asilimia 30 zaidi ya waliolala saa 7. Wanaopita saa 9 nao huonekana na maradhi mengi, lakini hapo yamkini ugonjwa ndio unaowalaza.

Habari iliyonifurahisha kuliko zote ni ya jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, iliyotolewa mwaka 2017. Watu wazima 33 walipimwa usingizi kwa siku 20, na dakika walizolala wote kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Wazee huwahi kulala na kuwahi kuamka, vijana huchelewa; hivyo daima yupo aliye macho. Kumbe Bibi ni mlinzi wetu asiye na mshahara.

Baba alipokuja siku ya wazazi, nilimsihi ampeleke Bibi kwa daktari kabla ya kununua vidonge, maana dawa hizo huweza kumlewesha mzee, akaanguka usiku na kuvunjika nyonga. Daktari alimwuliza Bibi ni kitu gani kimwamshacho. Bibi, ambaye hana haya hata kidogo, alijibu kuwa ni haja ndogo, mara nne kila usiku. Kwa hiyo hata zile saa 6 hakuwa akizipata. Ikaonekana ya kuwa dawa yake ya presha, ile ya kupunguza maji mwilini, alikuwa akiimeza jioni baada ya chakula. Akaambiwa aimeze asubuhi.

Baba amenieleza ya kuwa siku hizi Bibi huamka mara moja tu. Walakini saa kumi yuko jikoni vile vile, na Shangazi bado hajaridhika.

Mwanafunzi, Kidato cha IV