Toka Bruxelles mpaka Roma

Tukitandaza ramani ya Ulaya mezani na kupiga mstari ulionyoka toka Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, mpaka Roma, tutapata urefu wa kilomita 1,175 hivi. Ndiyo kusema, ni karibu kuliko toka Lubumbashi mpaka Kinshasa, ambako mstari wa namna hiyo hufikia kilomita 1,570. Lakini mwenye kwenda kwa motokari atahesabu karibu kilomita 1,500, kwani barabara haina mabawa: yafuata mabonde na kuizunguka milima.

Ndege hutumia saa 2 na dakika chache. Mwanafunzi hodari wa hesabu atauliza mara moja: ikiwa ndege yaruka kilomita 800 kwa saa moja, mbona haifiki kwa saa moja na nusu? Swali lake ni jema. Ndege hutembea kwanza polepole uwanjani ikingoja zamu yake. Ikipanda haijapata mbio zake zote, na ikikaribia kutua huzipunguza tena. Wala haifuati mstari wetu wa ramani, bali njia za angani inazoonyeshwa na waongozaji kwa redio. Tena, pepo za juu huko Ulaya huvuma mara nyingi toka magharibi. Kwa hiyo kurudi Bruxelles huweza kuchukua dakika kadhaa zaidi ya kwenda.

Katikati ya safari ipo milima ya Alpi. Msafiri aliyeketi dirishani upande wa kuume, mbingu zikiwa safi, huona theluji ya Mont Blanc, yenye kupita mita 4,800. Wengi hulala usingizi wakati huo, nasi twawasikitikia. Zamani waliokwenda Roma kwa miguu walivuka milima hiyo kwa hofu kuu. Ndiyo maana Mtakatifu Bernardo wa Menthon alijenga, katika karne ya 11, nyumba ya kuwapokea wasafiri kwenye mlango wa mlima, mita 2,469 juu ya bahari.

Wa kwanza kuivuka Alpi kwa ndege alikuwa Jorge Chávez, kijana wa miaka 23, aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Peru. Tarehe 23 Septemba 1910 aliruka toka Brig, nchini Uswisi, akapita juu ya Simplon katika ndege ya Blériot, chombo chepesi cha mbao na kitambaa. Baridi ilikuwa kali, upepo ukimtupa huku na huku kati ya majabali. Baada ya dakika 40 na kitu, watu wa Domodossola, upande wa Italia, walimwona akishuka, wakashangilia. Alikuwa amebakiza mita chache tu kugusa ardhi, mabawa yakavunjika. Akafa siku ya nne, tarehe 27 Septemba.

Leo ndege hupita juu ya majabali hayo kwa dakika chache, abiria wakinywa kahawa. Kisha hushuka Fiumicino, karibu na bahari, na garimoshi huwafikisha mjini kwa muda wa dakika 32. Tukijumlisha na saa 2 za kungoja katika kiwanja cha Zaventem, na muda wa kupokea mizigo, mtu aliyetoka nyumbani Bruxelles asubuhi atafika Roma baada ya saa 6 hivi, akiwa na njaa.