Tulimlaumu Mpigaji, Kumbe Kosa Lilikuwa Nyuma ya Mshale

  

 Maalim ametutaka sisi wanne wa darasa la juu tuandike katika jarida la mwaka huu habari za mchezo wetu wa upinde. Wengi mtatarajia kusoma jinsi tulivyoshinda. Hatukushinda. Lakini tulipata somo ambalo hatutaki lipotee, na ndani yake mna kosa letu sisi wenyewe, ambalo Maalim ametuambia tulieleze kama lilivyokuwa.

Mchezo ulivyoanza

Mzazi mmoja aishiye Uingereza alituletea hapa Mombasa pinde sita zilizokwisha kutumika na mishale 24 ya alumini. Tulifurahi sana, kwani sote tumesoma ile hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, aliyoipokea Uqba bin Amir (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) akiwa juu ya mimbari aliifasiri ile nguvu tuliyoamrishwa tuiandae kuwa ni kulenga shabaha, na akalikariri neno hilo mara tatu. Basi kila Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri tukawa tunakwenda uwanjani. Nyuma ya shabaha kuna ukuta mrefu, na hakuna anayeruhusiwa kuvuka mstari mpaka Maalim apulize firimbi.

Tulianza kwa mita 18, tukafika 30, na mambo yakawa mazuri. Kisha madrasa jirani wakatualika tushindane kwa mita 50, watu watano kila upande. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mishale iliyokuwa ikikaa pamoja kwa mita 30 sasa ilitawanyika kama kuku waliofukuzwa jikoni.

Aliyetawanya zaidi alikuwa mdogo wetu, mtoto wa miaka 13, wa tano katika timu. Mshale wake mmoja ungepanda juu, wa pili ungekwenda kushoto, wa tatu ungegonga ukuta. Tulimwambia anatetemeka. Tukamwambia anaachia upote vibaya. Mmoja wetu akasema mbele ya wenzake kuwa mtoto huyu ana moyo wa kuku. Wiki tatu kabla ya mashindano tukamtoa katika timu na kuweka mwingine.

Hakusema kitu. Aliendelea kuja, akawa ndiye anayetuokotea mishale. Siku moja alituambia kwa adabu, "Kaka zangu, hii minne niliyokuwa nikitumia, hata mkiipiga nyinyi haiendi." Tulimcheka. Tukamwambia mfanyakazi mbaya hulaumu jembe lake.

Maalim na daftari

Maalim alikuwa ameyasikia maneno hayo. Hakutukemea. Alitupa kalamu ya wino mzito na daftari, akasema, "Wanangu, andikeni namba juu ya kila mshale, 1 mpaka 24. Kila mmoja wenu aupige kila mshale, na huyu mdogo wenu pia. Andikeni ulipoingia. Msiseme neno mpaka mmalize."

Kazi hiyo ilituchukua alasiri nne. Tulipolifungua daftari, kila mmoja wetu aliinamisha kichwa. Mishale 19 ilikuwa ikiingia karibu karibu, katika eneo lisilozidi sinia la pilau, hata alipoipiga mdogo wetu. Mitano ilipotea kila mara, apige nani apige. Mmoja ulikuwa namba 9. Minne mingine ilikuwa namba 21, 22, 23 na 24.

Namba hizo nne ndizo mishale yake. Na aliipataje? Tulipogawana, sisi wanne wakubwa tulichukua kwanza, mitano mitano mizuri. Ikabaki minne, ile ambayo mabawa yake yalikuwa yamechanika na sisi wenyewe tukaitengeneza kwa mikono yetu. Tukampa yeye kwa kuwa ni mdogo. Tulimpa mishale yenye makosa yetu, kisha tukamhukumu kwa makosa hayo.

Makosa tuliyoyakuta

Mshale una chembe mbele, uti katikati, na nyuma una vitu viwili vidogo ambavyo mtu huvidharau. Cha kwanza ni mabawa, ambayo kwa kawaida huwa matatu na huunyoosha mshale ukiwa hewani. Cha pili ni noki, kipande kidogo cha plastiki chenye mfuo, ambacho ndicho kinachoushika upote. Noki ndicho kitu cha mwisho kuguswa na upinde. Ikiwa mbovu, mshale huanza safari yake vibaya, na mabawa huwa na kazi ya kusahihisha njia nzima.

Tuliiweka ile mitano juu ya meza na kuikagua. Kosa la kwanza lilikuwa la mabawa. Yale yaliyochanika tuliyabadilisha kwa yaliyokuwapo ndani ya mkoba, mengine marefu, mengine mafupi, tukayagandisha kwa kukisia kwa macho. Mshale mmoja ulikuwa na mabawa mawili madogo na moja kubwa. Bawa kubwa hushika hewa zaidi, basi mshale ulikuwa ukivutwa upande mmoja.

Kosa la pili lilikuwa la joto. Mkoba wa mishale ulikuwa umeachwa ndani ya gari lililofungwa madirisha, juani, kutwa nzima. Mabawa mawili ya plastiki yalikuwa yamejikunja kama jani kavu, nasi hatukuona.

Kosa la tatu lilikuwa la noki. Tulizobandika sisi zilikuwa za aina nyingine, na mfuo wake ulikuwa mwembamba kuliko upote wetu. Zilibana. Noki ikibana sana, mshale hauachi upote kwa namna moja kila mara: mara hupanda, mara hushuka. Na namba 9, ambao ulikuwa wetu sisi wakubwa, noki yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Huo ulitutia hofu. Noki ikipasuka wakati upinde umevutwa, upote huruka mtupu bila mshale, na upinde unaweza kuvunjika mkononi mwa mpigaji.

Tulimuuliza Maalim kwa nini kwa mita 30 hatukuyaona haya. Akatuchorea mistari miwili inayoachana. Kosa linalokutoa sentimita 10 kwa mita 25 litakutoa sentimita 20 kwa mita 50, na zaidi ya hapo, kwani mshale huzidi kupungua mwendo na upepo hupata muda wa kuusukuma. Nasi tulikuwa katika kusi, ambayo hapa kwetu haimwonei mtu huruma.

Namna ya kuchagua

Kwa mwenye kutaka kujifunza mchezo huu, haya ndiyo tuliyoyapata.

Manyoya ya ndege ni mepesi na huunyoosha mshale haraka. Hata yakigusa upinde wakati wa kutoka hulala, yakainuka tena. Kwa hiyo humsamehe mpigaji asiyezoea, na kwa masafa mafupi ni mazuri. Lakini hushika hewa nyingi, mshale hupungua mwendo upesi, na yakirowa mvua hulala kabisa. Mzee anayelinda uwanja, mwenyeji wa Kaloleni, alituonyesha jambo ambalo hatukulijua: manyoya ya mshale mmoja yote yatoke bawa la upande mmoja wa ndege, ama kulia ama kushoto, kwani ya pande mbili hupinda kinyume. Alisema alifundishwa na babake. Tumempa shukrani zake.

Mabawa ya plastiki hayaogopi maji, hudumu zaidi, na yale madogo yaliyo mafupi kwa kimo hayashiki sana upepo. Kwa masafa marefu ndiyo yanayofaa. Lakini bawa dogo hunyoosha polepole, na humtaka mpigaji aachie upote vizuri. Basi kanuni tuliyoishika ni hii: chagua bawa dogo kabisa ambalo bado linaunyoosha mshale wako. Na lisiwe zito, kwa sababu uzito unaoongezwa nyuma hurudisha nyuma mizani ya mshale, na mshale wa masafa marefu hutaka uzito wake uelekee mbele. Tulikwenda kwa sonara mmoja akatupimia mishale yetu katika mizani yake ya dhahabu, na kila uliopishana na wenzake tukautengeneza upya.

Waturuki wa zama za Othmaniya waliyajua haya zamani. Katika uwanja wa Okmeydanı mjini Istanbul walikuwa wakishindana kurusha mishale mbali kabisa, na aliyevunja rekodi alisimamishiwa nguzo ya jiwe. Mishale yao ya masafa ilikuwa myepesi, na mabawa yake madogo mno. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza upigaji upinde wa jadi wa Uturuki katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Ama noki, jaribio lake ni rahisi. Ipachike katika upote, uache mshale uning'inie ukitazama chini. Usidondoke wenyewe. Kisha gonga upote kidogo kwa kidole, karibu na noki, hapo udondoke. Usipodondoka, inabana. Ukidondoka kabla ya kugonga, ni pana, nayo ni hatari. Unaweza kubadilisha noki, au ukazungushia upote uzi mwingine katikati mpaka vikubaliane. Noki zote ziwe za aina moja, zikae sawa na uti, na bawa moja liwe mraba na mfuo wake ili yale mengine mawili yapite upande wa upinde bila kugusa. Na kila mshale unaogongwa na mwenzake, kagua noki kabla ya kuupiga tena. Sisi tuna desturi sasa: asiyekagua hapigi.

Mzazi wetu alitutumia noki 24 za pakiti moja, mabawa ya aina moja na kifaa kidogo cha kuyashikia yanapogandishwa. Tulikwangua gundi ya zamani, tukafuta uti kwa spiriti, na hatukugusa tena mahali pa gundi kwa vidole. Mdogo wetu tulimwomba aje atusimamie. Bawa likipinda alitwambia, "Toa, rudia." Tulitoa, tukarudia.

Kuomba radhi

Kabla ya hapo tulifanya lililokuwa zito zaidi kuliko kazi yote. Mbele ya wale wale waliosikia tukimwita mwenye moyo wa kuku, tulisimama tukamwomba radhi. Aliyelitoa neno lile alikuwa wa kwanza kusema. Mtoto akatazama chini, akasema, "Nimewasamehe, kaka zangu. Lakini mngenisikiliza." Neno hilo la mwisho lilituuma kuliko kama angetutukana.

Maalim alitukumbusha mambo mawili. La kwanza ni Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubeir (R.A.) walinde nyuma ya jeshi. Wengi wao walipokiacha kilima, msiba uliingia kwa nyuma. "Mtu hutazama chembe," alisema, "kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mlinzi yuko nyuma."

La pili ni hadithi nyingine ya Uqba bin Amir, aliyoipokea Abu Daud, inayoeleza kuwa kwa mshale mmoja watu watatu huingizwa Peponi: mtengenezaji aliyekusudia kheri katika kazi yake, mpigaji, na anayempa mpigaji mshale huo. Maalim akatuuliza, "Wanangu, nyinyi katika minne ile mlikuwa nani?" Tulikuwa watengenezaji, na tulikuwa wenye kumpa. Katika yote mawili hatukukusudia kheri. Tulikusudia kumaliza haraka na kubaki na vizuri vyetu.

Mdogo wetu alirudi katika timu, na aliyekuwa amechukua nafasi yake aliipisha kwa moyo safi. Siku ya mashindano kila mmoja alipiga mishale 36 kwa mita 50. Madrasa jirani walitushinda kwa alama 14, nao walistahiki. Lakini katika timu yetu mdogo wetu alikuwa wa pili, na alipiga kwa mishale ile ile, namba 21 mpaka 24, aliyoichagua mwenyewe tulipomwambia achague kwanza.

Ndugu wasomaji, wazazi na walimu, mtoto akikosea shabaha, kabla hamjamwambia kuwa hana moyo, tazameni kwanza mmempa mshale gani. Tunamwomba Allah (S.W.) atusamehe tulipodhulumu, na atujaalie tuwe watengenezaji wenye kukusudia kheri. Amin.