Mpaka wa Ukurasa

Kila kitu kilichotengenezwa vema kina mpaka wake. Shamba lina ua, nyumba ina kizingiti, na ukurasa nao una mwisho. Waandishi wa kale wa miswada ya Kiarabu waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili msomaji asipotee njiani.

Siku hizi twaandika kwa kompyuta. Hapa Kisauni ninapofundisha, naona vijana wengi watakao kuanza ukurasa mpya wakibonyeza kitufe cha Enter mara ishirini au thelathini, mpaka mistari mitupu iijaze nafasi iliyosalia. Msomaji, mpaka huo ni kama mstari uliochorwa ufuoni mwa Bamburi maji yakiwa yamekupwa: yakijaa, haupo tena. Ongeza sentensi moja, au kuza herufi kidogo, na kichwa cha sura kitateremka hadi katikati ya ukurasa.

Usidhani jambo hili ni dogo. Katika shule moja nilimosimamia mtihani wa majaribio, karatasi ilikuwa imepangwa kwa njia hiyo. Iliandikwa kwa kompyuta moja, ikachapishwa kwa nyingine isiyokuwa na herufi za namna ile. Mistari ikasogea. Swali la mwisho likabaki chini ya ukurasa, na ramani yake ikaenda nyuma ya karatasi. Watoto kadhaa hawakuigeuza. Walipoteza alama walizostahili, wala si kwa kutojua jiografia.

Dawa yake ni nyepesi. Bonyeza Ctrl pamoja na Enter, nawe utakuwa umeweka mkato wa ukurasa. Hata maneno ya juu yakiongezeka au yakipungua, yale yaliyo baada ya mkato yataanza ukurasa mpya daima.

Lakini mkato peke yake haubadili sura ya ukurasa. Ukitaka jedwali pana lilale kwa ubavu, au dibaji ihesabiwe i, ii, iii na sura ya kwanza ianze na 1, sharti utumie njia nyingine. Katika Microsoft Word, waraka hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu huwa na pambizo, mwelekeo na hesabu yake. Katika LibreOffice Writer, mambo hayo hukaa katika mtindo wa ukurasa: unapoweka mkato, unachagua mtindo wa ukurasa ufuatao, na ukipenda unataja namba utakayoanza nayo.

Basi, kijana msomaji, kabla ya kuchapisha kazi yako, ipitie ukurasa kwa ukurasa. Tazama kama swali limetengana na picha yake, au kichwa kimeachwa peke yake chini. Aisomaye hawezi kukuuliza ulikusudia nini. Ana karatasi tu mkononi.