Ndege Niliyemdhulumu

Watu wengi wakiona ndege mkubwa mwenye mdomo wa kupinda husema tu, "Mwewe huyo!" Mimi nami nilikuwa mmoja wao, mpaka likizo ya Desemba nilipokwenda kwa bibi yangu Ujiji.

Bibi alikuwa na kuku mwenye vifaranga tisa. Siku tatu mfululizo kilipotea kimoja kimoja. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kaa hapa ulinde. Lakini tazama vizuri kabla hujarusha jiwe." Nikashika manati yangu, nikajiona askari.

Alasiri ndege mkubwa mweupe, mwenye weusi mabawani, akatua juu ya mchikichi nyuma ya nyumba. Jiwe langu likampata bawani, akaanguka, na kabla ya magharibi akafa. Nikampelekea bibi kwa fahari. Yeye hakusema neno. Alitwaa kisu akampasua. Tumboni mlikuwa na maganda ya chikichi matupu, mekundu kwa mafuta. Hata unyoya mmoja wa kifaranga haukuwamo. Kesho yake asubuhi nikasikia mlio mwembamba wa kutetemeka, kama filimbi, na kifaranga cha nne kikaenda.

Kumbe huyo ndiye mwewe! Tangu hapo nikaanza kuuliza wavuvi, na shuleni nikamwuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Mwewe ni wa kahawia mwili mzima, mdomo wake manjano, na mkia wake umegawanyika kama panda ya manati. Ndiye azungukaye juu ya mchanga wa Kibirizi dagaa wanapoanikwa, akanyakua kwa kucha na kula huku akiruka. Kipanga ni mdogo zaidi, ana mabawa mafupi na mkia mrefu. Hujificha majanini, kisha huchomoka kama mshale. Furukombe, aliyemo katika bendera ya Zambia, nchi iliyo kusini ya ziwa letu, ana kichwa, kifua na mkia mweupe, na tumbo la hudhurungi. Hurudisha kichwa nyuma akalia kwa sauti kuu, na mwenzake humwitikia. Sauti ya dume ni nyembamba kuliko ya jike.

Yule niliyemwua kwa mbali hufanana na furukombe, lakini uso wake ni mwekundu usio na manyoya, na mkia wake mweusi wenye ncha nyeupe. Ni jamaa ya tumbusi, ila chakula chake kikubwa ni chikichi. Jike lake hutaga yai moja tu. Naye halii sana, kwa hiyo hakuna mlio wa kumtambulisha.

Mwenzake alikaa juu ya mchikichi ule siku mbili, kimya. Bibi hakunigombeza, nami ningependa angenigombeza.

Wenzangu, kabla ya kuvuta manati, tazameni mkia, kisha sikilizeni. Wazee husema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.