Mtoto wa Nyaya

Kanisani kwetu Nyalenda, Kisumu, ukisimama kutoa ushuhuda watu wanataka kwanza kujua ulitolewa shimo gani. Wanataka chang'aa, wanataka bangi, wanataka angalau usiku mmoja kwenye selo ya polisi, ndipo waitikie haleluya ya kutikisa mabati. Kuna ndugu mmoja ambaye ushuhuda wake nimeurekodi miaka kadhaa sasa, na kila mwaka chupa alizokunywa zinaongezeka. Simlaumu, maana wasikilizaji ndio wanaomwongezea.

Mimi sina chupa hata moja. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya watoto mpaka sauti ikawa nzito, kisha wazee wa kanisa wakaona naelewa mambo ya spika wakanikabidhi nyaya. Ninachoshuhudia ni hiki: kwa miaka mingi nilikuwa mtumishi wa kanisa asiyesali, na sasa nasali.

Sikuwa mvivu, wala sikuwa na shaka na Mungu. Ni kazi yenyewe. Mtu wa mitambo hufika kanisani wakati mlinzi bado anafagia. Anatandaza nyaya, anapima spika, anabadilisha betri za maikrofoni, anaomba Mungu stima isipotee (hiyo ndiyo sala pekee ya dhati anayosali siku nzima). Ibada ikianza amevaa hedifoni. Wenzake wanasikia Baba Yetu. Yeye anasikia mngurumo wa waya uliochunika na mzee aliyeshika maikrofoni mbali na mdomo. Mhubiri akipandwa na hisia, yeye anashusha sauti isipasuke. Wito wa toba ukitolewa, watu wakipiga magoti, yeye anatazama kama kamera bado ina chaji. Muulize baada ya ibada somo lilitoka wapi, atakwambia lilitoka spika ya kushoto.

Usiku kazi ilihamia kwenye simu. Nilikuwa nakata vipande vya mahubiri, nabandika maandishi, naangalia nani ametazama, najibu makundi: la vijana, la kwaya, la wanamitambo wa dayosisi, la tuliosoma pamoja. Marafiki zangu karibu wote walikuwa humo ndani. Zamani tulikuwa tukikutana Lwang'ni, vibanda vya samaki vilipokuwa bado vimepangana kando ya ziwa, kabla havijabomolewa kupisha ukarabati wa bandari. Baada ya hapo tukawa tunatumiana vichekesho. Simu ililala chini ya mto wangu, na ukweli ni kwamba yenyewe ililala kuliko mimi.

Kisha corona ikaja. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, na kufikia Jumapili ya tarehe 22 serikali ilikuwa imefunga nyumba zote za ibada. Mwisho wa wiki hiyo kafyu nayo ikaanza. Mimi, ambaye nilikuwa nikitajwa mwisho kabisa kwenye matangazo baada ya wapanga maua, ghafla nikawa ndiye mlango wa kanisa. Kila Jumapili tulikuwa Kasisi, mpiga kinanda, mimi na viti vitupu, tukirusha ibada mtandaoni. Watazamaji wakaongezeka mpaka wakatokea wa Marekani na Uingereza, watoto wa Kisumu walioondoka zamani wakitafuta sauti za nyumbani. Sadaka iliingia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007 na ambayo sasa ilichukua nafasi ya kikapu. Wazee walinipongeza. Kasisi peke yake ndiye aliyeniuliza swali: "Kijana wangu, dani wa Dunga anatuonaje?"

Dani, kwa asiyejua Kijaluo, ni bibi, nyanya. Huyu si dani yangu wa damu ila ni dani wa kila mtu. Anatumia kabambe, ile simu ya tochi, na bando kwake ni anasa. Jibu lilikuwa kwamba dani hatuoni kabisa.

Nilidhani tatizo lingeisha makanisa yakifunguliwa. Yalifunguliwa Julai kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtoto wa chini ya miaka 13 wala mtu wa zaidi ya miaka 58. Basi safu zilizobaki tupu zilikuwa zile zile za mbele, za Umoja wa Kina Mama, ambazo kusema kweli ndizo huimba. Sisi wengine huwasindikiza tu. Dani alipoambiwa sharti hilo la umri alisema serikali haijawahi kumletea chochote kwa wakati isipokuwa hesabu ya miaka yake.

Njia ilipatikana Kondele, kwa rafiki yangu. Ana kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu na kadi za memori: benga, ohangla, rumba, filamu zilizotafsiriwa kwa mbwembwe. Tulisoma naye shule ya msingi. Kanisa aliliacha zamani kwa sababu zake, nami sitazisimulia kwa niaba yake. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba zile redio ndogo za Kichina zinazouzwa sokoni Kibuye, zenye tundu la kadi na paneli ndogo ya jua, zimejaa kwenye nyumba za wazee.

"Omera, ndugu yangu, unahangaika na mtandao wa nini?" aliniuliza. "Weka ibada kwenye kadi. Dani anabonyeza hapa, imekwisha."

Akachambua sanduku lake la kadi kuukuu, zile za gigabaiti mbili ambazo hakuna kijana anayezitaka tena, akazifuta, akazijaza ibada bila kunidai kitu. Sharti lake lilikuwa moja. Mwisho wa kila kadi, baada ya Neema, angeacha wimbo mmoja wa rumba. Nilimkatalia, naye akaniambia basi nikatafute kadi kwingine. Tukaelewana.

Nikaanza kuzunguka Nyalenda, Manyatta na Dunga, barakoa usoni, kadi mfukoni zikiwa zimefungwa kwenye karatasi zenye majina. Mwaka huo ziwa nalo lilikuwa limepanda. Mei 2020 maji yalivuka hata kiwango cha mwaka 1964, na huko Dunga yaliingia mahali ambapo watu walikuwa wakianika omena. Nilifika kwa dani nimevaa gambuti za kuazima, nikamkuta ameinua godoro juu ya matofali, kuku wako juu ya meza, naye hana wasiwasi. "Haya ni maji ya Uhuru yamerudi," alisema. Alikuwa msichana mafuriko yale ya mwanzoni mwa miaka ya 60 yalipokuja, nchi ikiwa inajiandaa kupata Uhuru, na alikumbuka miti waliyofungia mitumbwi mahali ambapo sasa pikipiki hupita.

Nilipanga kumwachia kadi niende. Nyumba zilikuwa nyingi, na kafyu haikusubiri mtu. Lakini mzee hachukui kitu mkononi mwako ukiwa umesimama. Utaketi. Utaulizwa habari za mama. Utapewa chai, hata kama maji yako mlangoni. Wiki iliyofuata, nilipoenda kubadilisha kadi, dani aliniuliza kuhusu wimbo wa mwisho. Nikaanza kujitetea, nikamtupia lawama rafiki yangu. Akanikatiza. Alisema wimbo ule mzee wake alikuwa akiucheza kwenye gramafoni, na kwamba baada ya kuusikia alirudi nyuma akasikiliza mahubiri upya, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amesinzia.

Halafu akasema, "Nyathina, mwanangu, Kasisi ananiambia maneno kila wiki. Mimi nikitaka kumjibu?"

Nikatoa simu, nikabonyeza kurekodi, nikaiweka kwenye goti lake. Hakumjibu Kasisi. Alisali. Alisali kwa Kijaluo, macho wazi, kana kwamba anazungumza na mtu aliyeketi kwenye kile kiti kingine, akiita majina ya watu wa kanisa mmoja mmoja: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani kijana wake yuko Nairobi na hapigi simu. Mvua ikaanza. Mimi sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nawaza jinsi mabati yatakavyoniharibia rekodi.

Usiku ule nilikaa ofisini kanisani na kompyuta, hedifoni masikioni, nikijaribu kuifuta mvua. Mwenye uzoefu anajua: kelele ya mabati imeenea kwenye sauti yote, na ukiikaba sana unaikaba na sauti ya mtu. Kila nilipoongeza nguvu ya kuchuja, dani alisikika kama mtu anayesali chini ya maji. Nikapunguza, nikarudia, nikapunguza tena. Na katika kurudia huko ndipo nikasikia jina langu.

Alikuwa amefika kwangu katikati ya mvua. "Na huyu mtoto wa nyaya," alisema, akalitaja jina langu na la babu yangu, "Baba, mpe usingizi. Macho yake yanakesha."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba silali. Kwenye maombi ya Jumapili huwa niko ndani ya yale maneno "na wote wanaohudumu", pamoja na wafagiaji na wapanga maua, na sikuwahi kuona ubaya wake. Lakini huyu mama alikuwa amenitazama machoni, juu ya barakoa, akaona. Kisha akanipeleka mbele za Mungu kwa jina, na mimi nikiwa pale pale nikihangaikia mabati. Nikaiacha mvua ilivyo. Nikavua hedifoni. Nilisema maneno machache pale ofisini, ya kawaida kabisa, ambayo hayawezi kuingia kwenye kipindi chochote, na yalikuwa yangu.

Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo nilivunja simu. Sikuivunja, ni ya bei, na kanisa lilinichangia. Nilinunua Kibuye saa ya kengele, ile ya kuzungusha ufunguo, ili simu isiwe na kisingizio cha kulala chumbani. Inachajiwa sebuleni. Wiki za mwanzo nililala vibaya zaidi kuliko zamani, nikiamka kunyoosha mkono gizani kutafuta kitu ambacho hakipo. Ndipo nikaanza kuyapitia majina ya wale wa kwenye kadi, nyumba kwa nyumba, kuanzia Dunga kurudi Nyalenda, nikiyataja kama alivyoyataja dani. Kwa kawaida sifiki mwisho kabla usingizi haujanichukua. Nilimuuliza Kasisi kama ni dhambi kusinzia katikati ya sala. Akasema yeye husinzia kwenye mikutano ya kamati ya fedha na bado hajaadhibiwa.

Zile kadi nazo zikabadilika. Wazee wengine walisikia kwamba dani anajibu, wakataka kujibu. Mmoja alituma salamu kwa kaka yake wa Manyatta ambaye walikuwa hawajaongea tangu ugomvi wa shamba. Mwingine alimsahihisha Kasisi kuhusu kitabu cha Ayubu, tena kwa haki. Mwaka 2021, kesi zilipopanda tena na Kisumu pamoja na kaunti jirani zikarudishiwa kafyu ya saa moja usiku mwezi Juni, hatukuhitaji kuanza upya. Kondele walikuwa wanajua, Dunga walikuwa wanajua. Nami nilikuwa nimejua kwamba watazamaji wa mubashara naweza kuwahesabu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza kama nalala.

Na rafiki yangu? Hajaokoka, kama ndilo unalosubiri. Tunakula samaki Jumamosi, tunabishana, anabeti, ananiambia Mungu angependa watu wajibiwe mapema zaidi. Oktoba 18 mwaka 2025, mwili wa Raila Odinga ulipoletwa uwanja wa Mamboleo watu wamuage, tulienda pamoja alfajiri. Umati ulikuwa mkubwa, simu zimeinuliwa juu kila upande, vuvuzela na vilio havitofautiki. Akaniuliza, "Wewe mtu wa kamera, hurekodi?" Nikamwambia leo nimekuja kulia. Akanitazama kidogo, akaiweka na ya kwake mfukoni, tukalia.

Dani alirudi kanisani siku nyingi sasa. Anakaa safu ya pili na analalamika kwamba spika zangu zina kelele. Kadi hazijaisha, maana wagonjwa na waliolemewa na miguu wako kila mtaa. Kamera mpya imenunuliwa na naipenda. Sidanganyi kwamba sipendi vifaa. Ila siku hizi wakati wa Baba Yetu namwachia kijana mwenzangu hedifoni, akitaka asitake, na zamu inageuka Jumapili inayofuata ili naye apate lake.

Tatizo tulilo nalo kwa sasa ni la fedha. Kodi ya kibanda Kondele imepanda, na rafiki yangu ameanza kutudai, bei ya chini lakini bei. Mweka hazina wetu halipi bila risiti. Risiti ikaletwa, imeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Kujaza kadi, Neno la Mungu na rumba." Mweka hazina amekataa kuipitisha mpaka rumba ifutwe. Nimekwenda Kondele kumwomba rafiki yangu aandike upya, naye amekataa vilevile. Anasema hawezi kutia sahihi risiti ya uongo kwa kanisa.