Ng'ombe wa kienyeji tunamwonea

Leo siasa naiweka kando, tuongee maziwa.

Hapa Tandale maziwa tunayanunua kwa kipimo: robo, nusu, lita. Muuzaji anapita na baiskeli na madumu yake, mama anatoa sufuria, anapimiwa, basi. Hakuna anayeuliza ndani ya hiyo lita kuna nini.

Kwa hesabu hiyo ya lita, ng'ombe wetu wa kienyeji, zebu mwenye nundu, lazima aonekane hana maana. Wengi wao hutoa lita moja au mbili tu kwa siku, baada ya ndama kupata chake. Friesian aliyetunzwa vizuri anapita lita kumi.

Sasa tupige hesabu nyingine. Maziwa ya zebu mara nyingi yana mafuta karibu asilimia 5. Ya Friesian ni kama 3.5. Yaani lita ya zebu ina gramu 50 hivi za mafuta, ya Friesian 35. Vitamini A ya maziwa inakaa humo humo kwenye mafuta. Bibi yangu kule Singida hajasoma hayo popote, ila anajua kibuyu kidogo cha maziwa ya ng'ombe wake kinatoa samli ya maana.

Haya, mchuuzi achukue lita moja ya Friesian aongeze nusu lita ya maji. Kila lita inabaki na gramu 23 tu, bei ile ile! Ukilipia ujazo, unalipia na bomba.

Sisemi Friesian wafukuzwe. Jiji hili haliwezi kunywa lita mbili mbili za zebu. Malisho nayo yana sehemu yake, na maziwa ya ng'ombe yeyote yachemshwe, maana kifua kikuu na brusela havichagui nundu. Ila wenzetu wa New Zealand humlipa mfugaji kwa kilo za mafuta na protini. Sisi, zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wetu ni wa kienyeji, halafu tunawapima kwa kipimo kinachowaangusha.

Mtoto wa Tandale anayepata nusu kikombe asubuhi hanywi lita za ng'ombe. Anakunywa kilichomo kwenye kikombe. Mnasemaje wadau?